Alama ni Ishara, si Ajira

Kila msimu wa mahafali ufikapo, swali moja huzuka miongoni mwa wanafunzi wetu: je, alama za chuo zina thamani yoyote mtu anapotafuta kazi? Wapo wanaodai kwamba pasipo Daraja la Kwanza hakuna kazi. Wapo pia wanaobeza, wakisema kuwa siku hizi kinachotakiwa ni kujuana tu. Kila kundi limeshika kipande cha ukweli, likasahau kilichosalia.

Kati ya 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kujisimamia, na 1984, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma. Wahitimu walikuwa wachache na nafasi ziliwangoja. Leo vyuo ni vingi, na mwajiri anayepokea maelfu ya barua hana muda wa kuzisoma zote. Hutafuta chujio, na chujio lililo karibu ni alama. Ndiyo maana matangazo mengi ya kazi hudai Daraja la Pili, kiwango cha juu, ambalo aghalabu huanzia asilimia 60. Ualimu nao una chujio lake: kwa kawaida, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) humtaka mwenye shahada anayeomba kusajiliwa kufundisha sekondari awe alipata angalau C+ katika KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha.

Basi alama ni muhimu. Lakini ni muhimu kwa namna gani? Mimi ni mwanaisimu, na neno lenyewe lanifaa. Alama ni ishara ya kitu, kama unyayo mchangani ulivyo alama ya mtu aliyepita. Asilimia 70 ya mwanafunzi aliyekariri madaftari, akayasahau kabla ya wino kukauka, ni unyayo usio na mguu. Mwajiri ataugundua ukweli siku ya mahojiano, ama mwezi wa kwanza kazini, atakapomwomba aandike ripoti ya kurasa mbili.

Hatari huzidi alama ikiabudiwa. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walipatikana na vyeti ghushi. Hao walijua vyema thamani ya cheti. Wasichokijua ni thamani ya elimu. Walimu nao wajihadhari: anayemwongezea mwanafunzi alama asizostahili, iwe kwa huruma au kwa shinikizo, amemghushia cheti kwa kalamu halali.

Waajiri wasisahaulike. Yupo aliyekosa kiwango cha juu kwa sababu alikuwa akifanya vibarua ili alipe karo, na bidii hiyo haikuandikwa popote katika cheti chake. Anayechuja kwa pupa huishia kumwaga tui pamoja na machicha.

Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la leo hata chema hulazimika kujitembeza. Alama njema hubisha hodi; aliye ndani akiuliza maswali, ni maarifa yatakayomjibu. Kwa hivyo, mwanafunzi, zitafute alama kwa bidii na kwa njia halali, lakini hakikisha kwamba nyuma ya kila moja pana jambo unalolijua kwa hakika.