Bibi harusi, soma kopo kabla ya kumeza

Vikao vya kamati vimepamba moto, ahadi za michango hazijalipwa, mama mkwe mtarajiwa kaongeza majina kwenye orodha ya wageni, na usingizi umekata. Hapo ndipo shoga anapotoa kopo kwenye mkoba: "Ni virutubisho tu, vya asili, havina madhara."

Madini ya magnesiamu hayana ubaya kwa kiasi, ingawa ukizidisha utaharisha, tena yamo tele kwenye korosho, mchicha na mbegu za maboga. Kopo linalonitia hofu ni lile lililoandikwa St. John's wort. Mmea huu hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Kama mmekubaliana kusubiri kupata mtoto, vidonge vya uzazi wa mpango na hata kipandikizi vinaweza kushindwa kazi. Dawa za kufubaza VVU nazo hupungua nguvu. Anayetumia dawa za sonona ndiyo kabisa asiuguse. Na ukiacha leo, athari yake hubaki mwilini kwa wiki kadhaa.

Ashwagandha, inayosifiwa sana siku hizi, imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Nenda kwa mfamasia na kopo lenyewe, umtajie kila dawa unayotumia, kipandikizi kikiwemo. Usingizi ukigoma wiki ya pili, muone daktari. Kufuatilia ahadi za watu mwachie mhazini. Kamati iliundwa kwa kazi hiyo.