Kuuza Maspika Siyo Kufulia, Acheni Hizo!

Picha imezunguka sana. Kirikuu imepaki nje ya fleti moja maeneo ya Sinza, nyuma zimepakiwa spika mbili ndefu kama makabati ya nguo, masabufa mawili na amplifaya iliyofungwa kwenye shuka. Pembeni kasimama staa mmoja wa Bongo Fleva, kavaa pensi na ndala, mikono kiunoni. Jina kapuni, maana ishu hapa siyo jina.

Komenti zikaanza kumiminika. "Kafulia huyo." "Leo spika, kesho kitanda." "Mjini shule." Mwingine hakuandika hata neno, kajaza vikatuni vya kucheka tu mpaka mwisho wa mstari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hizo spika zilikuwa zinakaa kwenye chumba cha ukubwa gani.

Jamaa kahama kutoka kwenye mjengo wa Goba wenye uzio, bustani na sebule ambayo mtoto angeweza kuendesha baiskeli. Sababu za kuhama anazijua mwenyewe na familia yake. Sasa hivi anakaa kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, sebule ya hatua tano kwa nne. Ukiweka sofa, meza na TV, hapo umemaliza. Yeye akaingiza na lile zigo lote. Spika moja ikaziba nusu ya dirisha, sabufa moja ikawa nyuma ya mlango kwa hiyo mlango haufunguki wote. Wageni wakija, mmoja anakaa juu ya sabufa kama stuli.

Na hayuko peke yake. Kuna mwigizaji mmoja wa Kijitonyama anakaa chumba na sebule, ana muziki wa spika tano, zile za kuzungusha chumba kizima. Mbili za nyuma hazijawahi kuunganishwa kwa sababu waya ungepita katikati ya njia ya kwenda jikoni. Moja imekuwa ya kuwekea hotpoti la chapati. Sauti haijawahi kupita namba nane maana vyombo kabatini vinaanza kucheza. Huyo ana spika tano na anasikiliza mbili. Lakini kwenye picha zinaonekana zote tano, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Mjini hapa muziki mkubwa ndani ni kama gari. Ni wa kuonyeshwa. Kijana akipata hela ya kwanza ya maana ananunua sabufa kabla ya godoro, na mtaa mzima utajua kanunua kwa sababu Jumamosi asubuhi ataufungulia wote. Hakuna ubaya kupenda muziki. Ubaya unaanza pale chombo kinapokuwa kikubwa kuliko nyumba, na mwenye chombo anaogopa kukipunguza kwa sababu ya midomo ya watu.

Sauti nayo ina mambo yake, haijali ustaa. Mlio wa besi wa hezi 40, ule unaotikisa kifua, wimbi lake moja lina urefu wa kama mita 8 na nusu. Sebule ya jamaa haifiki mita 5. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lingine njiani. Matokeo yake kwenye kona besi inavimba mpaka inakera, ukisogea hatua mbili imepotea kabisa. Mtu anadhani sabufa ni mbovu, anaongeza sauti, kumbe chumba ndicho kimeshindwa. Ukiongeza nguvu unaongeza fujo ile ile.

Halafu besi haina adabu ya ukuta. Sauti nyembamba, za maneno na gitaa, zinazuiliwa na tofali, pazia na masofa. Besi inapenya zege na kushuka chini. Ndiyo maana jirani hasikii wimbo, anasikia "dum, dum, dum" tu. Wewe unakula burudani, yeye anakula nyundo.

Na jirani wa chini ya huyu staa ni nesi anayeingia shifti za usiku. Anarudi saa mbili asubuhi, anataka kulala. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili akamtumia ujumbe wa heshima kabisa: "Kaka samahani, nimetoka kazini, naomba upunguze kidogo." Jamaa akapunguza siku hiyo, kesho akasahau. Angekuwa mtu wa shari angeenda kwa mjumbe, au serikali ya mtaa, au moja kwa moja NEMC, maana kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015 na hazijaandikwa kwa ajili ya baa peke yake. Hakufanya hivyo. Akanunua pamba za masikio.

Lakini kilichomuuzisha staa maspika siyo nesi. Ni mama yake mzazi.

Bi mkubwa katoka Tanga kuja kwa mwanae, ana presha, anahudhuria kliniki hapa mjini. Kila mwanae akiwasha muziki, mama ananyanyuka taratibu, anachukua kanga yake, anashuka ngazi ghorofa mbili na kwenda kukaa getini na mlinzi. Hasemi kitu. Akiulizwa anasema anapunga upepo. Mwanae akaamini, tena akafurahi mama kapata mtu wa kupiga naye stori.

Siku moja anatoka, mlinzi akamwita. Mzee wa watu, hana unafiki. Akamwambia, "Bosi, ukitaka nimlinde na mama yako, wewe washa mziki tu. Anakuja hapa hapa. Anasema ile ngoma inampiga moyoni."

Jamaa alirudi ndani akakaa juu ya ile sabufa ya nyuma ya mlango, kimya. Hilo kalisimulia mwenyewe kwa watu wake, na mtaa hauna siri. Mama mwenye presha anashuka na kupanda ngazi ghorofa mbili, mara tatu kwa siku, kwa sababu hataki kumwambia mwanae kwamba sebule haina nafasi ya yeye na spika. Kesho yake akaita kirikuu.

Sasa wale wa "kafulia", hebu waulizwe: wangetaka auze nini, amuuze mama?

Hakuna anayesema haikumuuma. Zile spika alizinunua kwa hela ya shoo yake ya kwanza kubwa, kabla hajawa na gari wala meneja. Nyimbo zake zote zilizompa jina alizisikiliza mara ya kwanza hapo. Kuachana na kitu cha hivyo ni kama kuhama mtaa uliokuzaliwa. Watu waliomwona siku hiyo wanasema kirikuu imeshaondoka, yeye bado kasimama anaangalia kona. Huo ndio ukweli ambao picha haikuonyesha, na ndiyo maana kumcheka ni roho mbaya.

Alichofanya baada ya hapo kina akili kuliko wengi wanavyodhani. Spika ndefu na amplifaya kamuuzia jamaa mwenye ukumbi wa sherehe, mahali ambapo kuna nafasi ya sauti kupumua. Masabufa kampa dogo mmoja wa mtaa aliokulia, anayepiga muziki kwenye harusi na vipaimara kwa vifaa vya kukodi. Dogo sasa hivi hakodi. Yeye mwenyewe kabakiza spika mbili ndogo za kukaa juu ya meza na kasabufa kamoja ka inchi nane. Kwa kazi za usiku ana hedifoni.

Kuna watakaosema msanii hawezi kusikia muziki vizuri kwenye spika ndogo. Hao waende studio wakaangalie. Kuna spika inaitwa Yamaha NS-10, yenye sahani nyeupe ya upana wa kama sentimita 18. Ilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya kusikiliza nyumbani, mafundi wa studio wakaichukua, ikakaa juu ya meza zao dunia nzima mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Muziki mwingi sana ambao watu wanaupiga kwenye masabufa makubwa ulipimwa kwanza na kaspika hako. Fundi anajua akikaa karibu na spika ndogo iliyo sawa na masikio yake, anasikia wimbo wenyewe kabla chumba hakijauharibu.

Hata suala la wati linawadanganya wengi. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Maana yake ukitoka kwenye muziki wa wati 1,000 ukaja wa wati 100, ujapoteza sehemu tisa za kelele, umepoteza kama nusu tu kwa masikio yako. Na kwenye sebule ya hatua tano, mtu anayesikiliza kistaarabu anatumia wati chache sana kati ya hizo. Zinazobaki ni za kumwambia mgeni.

Kuhusu zile zilizoandikwa kwenye boksi, usiseme. Wati 8,000 kwa herufi nyekundu, pembeni kumeandikwa PMPO. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme, mara nyingi utakuta wati 60 au 80. Kitu kinachokula wati 80 kutoka ukutani hakiwezi kukupa 8,000 mfululizo, hata ukikiombea dua. Kwa hiyo mwenye fleti ndogo asiende Kariakoo kununua namba. Aende na wimbo anaoujua, ausikilize kwa sauti ya kawaida, aone kama maneno yanasikika bila besi kuyafunika. Akiona muuzaji anakimbilia kufungulia mpaka mwisho, ajue kuna kitu kinafichwa.

Na kupunguza siyo lazima kuwe kununua tena. Mtu mwenye seti ya spika tano anaweza kubaki na zile mbili za mbele na sabufa, nyingine akaziuza au akazirudisha kwenye boksi. Spika zikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zisibanwe ukutani, ziachane kama umbali ule ule uliopo kati yao na sofa. Sabufa itoke kwenye kona, maana kona inaikuza. Chini iwekewe kipande cha godoro gumu au mpira ili mtikisiko usishuke moja kwa moja sakafuni kwa wa chini. Mkeka na pazia zito vitapunguza mwangwi, ila visitegemewe kuzuia besi. Besi inazuiwa na mkono wa mwenye rimoti.

Tena kuna la masikio yenyewe, hasa kwa vijana wa hedifoni. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza mpaka saa 40 kwa wiki. Ikipanda ikafika 90, saa hizo zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Msanii masikio ndiyo jembe lake. Mkulima gani analipigia jembe kwenye mawe ili majirani wasikie mlio?

Kwa upande mwingine isije ikageuzwa kisingizio cha kubaki na spika ya simu. Muziki unaosikilizwa kwenye kitu kinacholia kama kopo nao ni kujinyima bila sababu. Kupunguza ni kutafuta kinachotosha chumba, kama mtu anavyonunua kitanda baada ya kupima ukuta.

Tatizo kubwa ni kwamba watu mjini wamezoea kusoma maisha ya mwenzao kwa vitu vinavyoingia na kutoka getini. Vikiingia, kapata. Vikitoka, kafulia. Wengi wanaishi na makochi yasiyopita mlangoni, makabati yanayoziba madirisha na maspika yasiyowashwa, kwa sababu tu wanaogopa siku ya kirikuu. Wanalipa kodi ya miezi sita ya chumba ambacho nusu yake anakaa sabufa.

Habari za sasa kutoka ghorofa ya pili ni kwamba nesi wa chini analala. Mlinzi kabaki peke yake getini na analalamika amekosa mtu wa stori. Na bi mkubwa, juzi mwanae kamuwekea taarabu za zamani kwenye zile spika ndogo, akakaa mpaka mwisho. Ulipofika wimbo anaoupenda kamwambia, "Ongeza kidogo, mwanangu."

Wewe mdau unayeandika "kafulia", kabla hujabonyeza, nyanyuka upime sebule yako hatua ngapi. Halafu dondosha jibu hapo chini, na useme ukweli: ni spika ngapi ndani kwako zinalia, na ngapi zimewekewa hotpoti?