Gunia la Sirari si gunia la Isebania

Chukua mfano huu. Mfanyabiashara wa Isebania, upande wa Kenya, anapiga simu Sirari, upande wa Tanzania, kuagiza magunia 50 ya mahindi. Bei ya gunia inatajwa, wanakubaliana, simu inakatwa. Mzigo unafika, unapimwa, na ugomvi unaanza. Muuzaji amepeleka kilo 5,000, kwa sababu kwake gunia la mahindi ni kilo 100. Mnunuzi alitaja bei akifikiria kilo 4,500, kwa sababu Kenya gunia ni kilo 90. Kilo 500 zimekwenda bure. Muuzaji anasema ameibiwa. Mnunuzi anasema, "Si tulikubaliana?"

Kwa maoni yangu, hakuna aliyedanganya hapo. Wote wawili wameponzwa na jinsi ubongo unavyosikiliza.

Tumezoea kudhani kwamba sikio hupokea neno kwanza, kisha ubongo hutafuta maana. Kumbe ubongo hausubiri. Mtu akikuambia "niletee lile...", umeshajua kwamba hataki kikapu wala mfuko. Huenda ni gunia, huenda ni boksi. Neno lenyewe likifika, linakukuta mlangoni ukilingojea.

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Marta Kutas na Steven Hillyard, walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakisoma sentensi neno moja moja. Sentensi ilipomalizikia kwa neno lisilofaa kabisa, mfano wa mtu kusema amepakia gunia kwenye sikio badala ya kwenye lori, umeme ule ulibadilika kwa namna ya pekee, milisekunde 400 hivi baada ya neno kuonekana. Hiyo ni chini ya nusu sekunde. Ubongo ulikuwa umeshtuka.

Sasa tazama hatari ilipo. Neno geni linakushtua, unauliza, unaelezwa. Mtanzania akisikia Mkongomani anauza sombe, atauliza na kuambiwa kumbe ni kisamvu. Lakini "gunia" halimshtui mtu. Neno linapita kama mwenyeji, kila ubongo unalijaza kilo za nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo pia kwa "shilingi". Kenya, Uganda na Tanzania zote zina shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za majirani hao wawili.

Kelele za mpakani nazo zinaongeza tatizo. Mwaka 1970 Mmarekani Richard Warren aliwasikilizisha watu 20 sentensi ambayo sauti moja ndani ya neno ilikuwa imefutwa na kuwekwa kikohozi. Watu 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Ubongo uliziba pengo, na wao wakaamini wamesikia neno zima. Basi lori likipiga honi wakati mtu anasema "kumi na tatu", mwenzake aliyekuwa akitarajia "kumi na tisa" anaweza kuapa kwamba ndiyo aliyoisikia, na akaapa kwa moyo safi.

Wapo watakaosema Kiswahili ni kimoja na sisi tunaelewana. Ni kweli tunaelewana, na ndiyo maana hatuulizi. Lugha moja imetufungulia masoko, lakini imetufanya tuamini kwamba vipimo vyetu navyo ni vimoja.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, usimalize mapatano kwa gunia, debe au shilingi tupu. Taja kilo. Taja shilingi ya nchi gani. Mwache mwenzako arudie kwa maneno yake mlichokubaliana, kisha mtumiane ujumbe wa maandishi kabla mzigo haujapakiwa. Hilo si kumshuku mtu. Ni kuulinda urafiki wa biashara.

Serikali zetu nazo zina deni. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambao unawahusu hasa wafanyabiashara wadogo. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ipo, Zanzibar. Ianze na kazi ndogo yenye faida kubwa: orodha ya ukurasa mmoja ya vipimo na maneno ya biashara yanayobadilika maana nchi hadi nchi, ibandikwe kila kituo cha mpakani, kuanzia Namanga na Busia hadi Mutukula na Rusumo. Ofisa naye akitaja malipo, ayaandike na ataje sarafu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpakani inapotea huku wenye mali wakiamini wamesikilizana vizuri kabisa.