MAONI: Mtoto hasomi lebo, anakunywa maziwa

Umesimama mbele ya friji ya supamaketi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala begani. Huku kuna pakiti ya kawaida, kule chupa ya maziwa ya kilimo hai, bei imechangamka. Roho inakusuta: ukichukua ya bei nafuu, wewe ni mzazi mbaya?

Zii. 'Kilimo hai' ni jinsi ng'ombe alivyofugwa: malisho yasiyopuliziwa kemikali za viwandani, masharti makali kuhusu antibayotiki. Ni jambo jema. Lakini protini na kalsiamu anazohitaji mwanao zimo hata kwenye ile pakiti ya kawaida.

Kinachofaa kukunyima usingizi ni maziwa mabichi ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, eti kwa sababu ni "ya asili". Hayo yanaweza kubeba viini vya brusela na kifua kikuu. Yachemshe, bila mjadala.

Kabla hajafika miaka miwili, mpe maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha. Akizidisha tumbo linajaa, anakataa chakula, na anaweza kupungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma.

Kwa hivyo, kama mfuko unaruhusu, chukua ya kilimo hai, hakuna ubaya. Lakini usiingie Fuliza kwa sababu ya lebo. Ile tofauti ya bei nunua mayai, ndengu na omena. Hapo ndipo mtoto atakushukuru.