Bora programu ife kuliko inidanganye

Haya wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nikiwa mazoezi ya kufundisha niliingiza alama za kidato cha pili, wanafunzi 43, kwenye programu aliyoniandikia mwenzangu mmoja wa hapa chuoni (jina namhifadhi). Kila nikibonyeza, inaniambia "Imehifadhiwa". Asubuhi nafungua mbele ya mwalimu wa taaluma: patupu! Kumbe flashi ilikuwa imejaa, eksepsheni ikarushwa, na jamaa alikuwa ameidaka na kuinyamazisha. We acha tu.

Nilipomuuliza akanijibu eti programu nzuri haianguki. Ndivyo wengi tunavyoamini pale maabara. Mtu anazungushia programu yake yote catch tupu, ndani hakuna hata mstari mmoja, halafu anajisifu. Jamani! Kipa anayeuficha mpira ulioshaingia wavuni, huyo naye ni kipa?

Hata Microsoft walibadili msimamo hapa. Kwenye .NET 1.0 na 1.1, eksepsheni isiyodakwa kwenye nyuzi za pembeni, yaani zile kazi zinazoendeshwa sambamba na ile kuu, ilimezwa tu, programu ikaendelea kama vile hakuna kitu. Toleo la 2.0 la mwaka 2005 likageuza: isipodakwa, programu nzima inaanguka.

Wengine wanaitegemea AppDomain.UnhandledException wakidhani inafufua maiti. Wapi! Pale unapewa nafasi ya kuandika wosia tu: hitilafu gani, wapi, saa ngapi. Kisha unakufa. Ninayoiogopa mimi ni Application.ThreadException ya Windows Forms, maana hiyo inakuruhusu kuendelea hata kama data iliyoko kwenye kumbukumbu imeshavurugika nusunusu.

Sisemi tusidake. Diski kujaa ni kitu kinachotarajiwa, kidake, mwambie mtumiaji abadilishe flashi. Ila usichokijua usijifanye unakijua, kiandike kwenye faili la kumbukumbu halafu zima.

Mtasema mtumiaji atashtuka dirisha likifunga ghafla. Na ashtuke! Ningeshtuka saa mbili usiku karatasi zikiwa bado mezani, ningeingiza upya nikalala. Mimi nimeshtukia ofisini, watu wananitazama.

Mwenzangu kaninunia tangu nilipoifuta ile catch yake. Poa tu. Anirudishie flashi yangu.