Fundi apime nyumba kwanza

Bei za hita za nyumba umezieleza vizuri, ndugu mwandishi, ila ukubwa wa hita umeuruka. Huku Minnesota wapo mafundi wanaofunga kubwa kuliko ya zamani, eti baridi kali. Hita iliyozidi nyumba huwaka na kuzima kila mara, na huchakaa mapema. Fundi apige hesabu ya kuta, dari na madirisha, asinakili kibandiko cha ile hita mbovu! Chujio la hewa badilisha mwenyewe, ni dola chache. Akisema chemba ya moto imepasuka, akuonyeshe ufa kwa macho. Ukiuona, zima siku hiyohiyo, kwani kaboni monoksidi inaweza kuvuja hapo, na haina harufu. King'ora cha gesi hiyo, kwa sheria ya huku, kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala.