Mama Anaposomea Uwakili



Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinijia zahanati akilalamika kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Nilimpima presha, ilikuwa ya kawaida. Malaria hakuwa nayo. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, usiku unalala saa ngapi?" Akaanza kulia.

Ana shahada ya sheria, mume, na watoto wawili. Mdogo bado ananyonya. Yuko Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ambako mwenye shahada hupita kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Amefeli mwenendo wa kesi za madai na anatakiwa kurudia. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 hayamtoki kichwani: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 waliondolewa.

Watoto wakilala, huosha vyombo, kisha husoma kuanzia saa sita hadi saa kumi usiku kwa nguvu ya kahawa na vidonge vya kuzuia usingizi. Husoma kitini chote huku akipiga mistari, na kesho yake hurudia kile kile. "Nikisoma naelewa, dada. Nikiingia kwenye mtihani kichwa kinakuwa kitupu."

Vidonge nilimwambia aache siku ile ile, na kahawa ibaki kikombe kimoja cha asubuhi, maana huingia katika maziwa na mtoto naye halali. Sisi wauguzi tunaijua saa kumi ya usiku. Niliwahi kuhesabu dozi ya mtoto mara tatu nikapata majibu matatu. Nashukuru nilimwita mwenzangu. Tena ubongo huyahifadhi tuliyojifunza wakati tumelala. Anayekesha anajinyima hicho anachokikeshea.

Na kurudia kusoma kunadanganya. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi. Baadhi waliisoma tena; wengine waliifunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na walioandika asilimia 56.

Wakili hupewa masimulizi ya mteja na kutakiwa aandae hati. Basi badala ya kusoma habari za hati ya madai, aiandike: kitabu kimefungwa, saa iko mezani. Akimaliza ndipo afungue Amri ya 7 katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ajisahihishe kwa kalamu nyekundu. Alichokosa leo akijaribu tena baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Kutaja kwa sauti anaweza hata akinyonyesha: jina la mahakama, majina na makazi ya wadaawa, chanzo cha madai na lini kilitokea, mamlaka ya mahakama, thamani ya shauri, nafuu inayoombwa.

Lakini saa za kuandika angezipata wapi? Hapo nilimwomba mama mchungaji twende naye nyumbani kwao. Mumewe alitusikiliza akanyamaza kitambo. "Mimi nilidhani anapenda kusoma usiku," akasema. Kumbe mkewe hakuwahi kumwomba kitu. Aliona haya, kwa kuwa ada alilipa yeye. (Wangapi kati yetu tunafanya hivyo!) Walikubaliana baba akae na watoto kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu, na vyombo vingoje asubuhi. Mama alale saa nne. Mtoto akiamka, anyonye, walale tena. Saa kumi na moja alfajiri aandike swali moja, basi.

Wiki ya kwanza baba alishindwa siku mbili, na mama akarudi kwenye kahawa. Sikumgombeza.

Jumamosi nilipita kwao nikamkuta anafua nepi huku akimtajia binti yake yaliyomo kwenye hati ya madai, akihesabu kwa vidole vyenye povu. Akasahau thamani ya shauri. Binti, ana miaka saba, akamkumbusha.

Mtihani ni mwezi ujao.